Maji ya Kunywa ya Matemwe: Kisima, Mfereji na Serikali

Wahariri wa kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Umoja wetu waliponiomba niandike habari za kale za Matemwe, nilidhani kwanza ningeandika habari za mwani na dagaa, kwani ndizo zilizojaa katika madaftari yetu. Baadaye nilipofungua kumbukumbu za mikutano niliona kuwa mambo ya bei huja na kupita, lakini jambo moja limerudi mezani kila mwaka bila ya kukosa, nalo ni maji ya kunywa. Kwa ajili hiyo nimeona bora niandike habari za maji, na niziandike tangu mwanzo, ili mwanachama apate kujua kwa nini mfereji wake hutoa leo na kesho ukakauka, na ofisa naye apate kuona jinsi kazi yake inavyogusana na kazi ya ofisa mwenziwe asiyekaa naye jengo moja.

Yafaa tuanze na ardhi yenyewe. Kisiwa cha Unguja kina ardhi za namna mbili. Upande wa magharibi kuna udongo wenye kina, ndiko iliko mikarafuu na minazi mingi, na ndiko zilikotoka chemchem mashuhuri za Bububu na Mtoni. Upande wa mashariki, toka Nungwi kupita Matemwe, Kiwengwa na Chwaka hata Makunduchi, ni maweni: jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo mwembamba, jembe hugonga jiwe kabla halijazama. Mvua ya masika ikinyesha juu ya maweni hayo haifanyi mto. Huzama mara moja katika nyufa na mapango, na hata vijito vya kati ya kisiwa aghalabu hupotelea humo humo.

Maji hayo yaliyozama hayapotei. Huelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kama vile mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Wataalamu wawili, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walionyesha hesabu yake baina ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20: kwa kila futi moja ya maji baridi iliyoinuka juu ya usawa wa bahari, chini yake huwapo kiasi cha futi arubaini. Hesabu hii ina neema na ina hatari. Mtu akiyashusha maji ya juu kwa futi moja tu kwa kuyavuta kwa nguvu, chumvi nayo hupanda kutoka chini kwa kadiri ya futi arubaini. Tena maji hayo hayajui mpaka wa shamba wala wa shehia. Anayevuta katika kiwanja chake anavuta pia katika kisima cha jirani, na anayemwaga uchafu katika ufa wa jiwe nyuma ya jengo lake anaumwaga katika ndoo ya mtu asiyemjua.

Wazee wa mwambao huu hawakusoma vitabu vya Herzberg, lakini ulimi wao uliijua habari hiyo. Walijua kuwa kisima kilicho karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja na maji ya bahari, na kwamba kikitekwa mno hugeuka. Katika vijiji vya Unguja ya mashariki mambo ya ardhi na ya kijiji yalikuwa mikononi mwa wazee waliojulikana kwa jina la Watu Wanne, na mvyale alikuwa na sehemu yake katika mambo ya mizimu na mapango. Mti uliweza kuwa na mwenyewe, na kiambo vile vile, lakini maji ya kunywa hayakuwa ya mtu wa kuyazuia. Dini nayo ilikuwa imekwisha kumkataza mtu kumnyima mwenziwe maji yaliyomzidi. Kwa hivyo watu wale wale walioamua nani ateke na lini, ndio walioonya juu ya kufulia karibu na kisima, na ndio walioamua mahali pa kujenga kiambo kipya. Sisemi kwamba siku zile zilikuwa njema kuliko hizi. Maji yenyewe yalikuwa na munyu, kisima kilikuwa wazi, mvua ikiingiza kila kilichokuwa juu ya ardhi, na wanawake wakitembea alfajiri na mitungi kichwani hata shingo zao zikazoea uzito kabla ya kuolewa. Nasema tu kwamba kiasi cha maji, usafi wake na ardhi iliyoyazunguka vilikuwa chini ya baraza moja. Habari hii tutairudia.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Mji wa Zanzibar katika karne ya 19 ulikua upesi kwa biashara, na wakazi wake wakateka maji ya visima vifupi vilivyobanana na vyoo na makaburi. Kipindupindu kiliingia zaidi ya mara moja, na kile cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwako mjini wakati huo, alifuata nyayo za maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki na akachapisha kitabu chake mwaka 1876. Tukumbuke kuwa elimu ya jambo hili ilikuwa bado changa duniani kote. Mwaka 1854 huko London daktari John Snow alikuwa ameonyesha kwamba kipindupindu cha mtaa mmoja kilitoka katika bomba moja la maji, na wakubwa wengi hawakumsadiki. Koch wa Ujerumani hakukitambulisha kijidudu chake kwa uthabiti mpaka mwaka 1884.

Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, alikuwa amekaa uhamishoni Bombay baina ya 1859 na 1861, na alirudi akiwa ameuona mji mkubwa na mambo yake. Katika utawala wake ulijengwa mfereji wa kuleta maji ya chemchem za upande wa Bububu mpaka mjini, na watu wakayapata bure. Hamamu ya Hamamni ilipata maji kwa njia hiyo hiyo. Kazi ile ilifaulu kwa sababu zaidi ya fedha za Seyyid: mkono mmoja uliishika safari yote ya maji, tokea jicho la chemchem hata birika la mtaani, na hapakuwa na ofisi ya katikati ya kuulizwa. Walakini mkono huo uliishia mjini. Maji yalitoka shamba kwenda mjini, na shamba halikurudishiwa kitu. Mtu wa Matemwe aliyekwenda mjini na chombo cha kuuza samaki aliyanywa maji matamu ya mfereji wa Seyyid, akarudi kwao kwenye kisima chake cha munyu.

Siku za himaya ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1890, nitazipita haraka. Jambo la kukumbuka ni kwamba ndipo maji yalipoanza kugawanywa katika meza mbali mbali: idara ya ujenzi ikishika mabomba, idara ya afya ikishika maradhi, na utawala wa wilaya na mamudiri ukishika watu. Mgawanyo huo uliingia katika mazoea ya serikali, ukawashinda umri wale waliouweka.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadilisha nia yenyewe. Serikali mpya ilisema kuwa elimu, matibabu na maji ni haki ya kila mtu wala havilipiwi, na mkulima wa mbali akahesabiwa sawa na mkazi wa mjini. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka ule ule, maji hayakuwa jambo la Muungano. Yalibaki, na yamebaki mpaka leo, katika mamlaka ya Zanzibar yenyewe. Mabomba yakasogea vijijini. Mwenye kuidharau hatua ile hajapata kubeba mtungi.

Lakini mfereji usiolipiwa nao unahitaji pampu, na pampu inahitaji umeme, mafuta na kipuri, na vyote hivyo vina bei. Fedha za serikali zilitokana kwa sehemu kubwa na karafuu. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1980 mabomba yakaanza kuzeeka bila ya kutazamwa. Kipindupindu, kilichokuwa kimesahauliwa, kilikwisha kubisha hodi tena mwaka 1978 katika kijiji cha wavuvi, na baada ya hapo kikawa mgeni wa mara kwa mara.

Hapa wasomaji wataniwia radhi nikiingiza kisa changu mwenyewe. Mwandishi wa mistari hii alikuwa katibu wa kamati ya kijiji kimoja cha mwambao huu pampu ilipoharibika mwezi wa Januari. Tuliandika barua. Ofisi ya kwanza ilijibu kwamba pampu ni yao lakini waya uliokatika si wao. Ofisi ya pili ilijibu kwamba waya utarudishwa likishalipwa deni, na deni si la kijiji bali ni la ofisi ya kwanza. Ya tatu ilisema kwamba kisima kile kilichimbwa na mradi wa wafadhili na bado hakijakabidhiwa kwa serikali kwa maandishi. Ya nne ilitutaka tusitumie kisima cha zamani mpaka maji yake yapimwe, na ya tano, ndiyo yenye kupima, ilikuwa haina dawa za kupimia. Tulikuwa na majibu matano, yote ya adabu, na nilipoyasoma tena baadaye niliona kuwa kila moja lilikuwa la kweli. Watu walikunywa maji ya kisima cha zamani. Watoto wakaharisha, na mmoja wao hakupona. Pampu ilitengenezwa masika yakiwa yamekwisha kuanza.

Sikieleza kisa hiki ili kumlaumu mtu. Nakieleza kwa sababu katika miaka ile ile mwambao wetu ulikuwa unapata mgeni mkubwa kuliko wote. Sheria ya kulinda vitega uchumi ilipitishwa mwaka 1986. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 kikaenea mpaka kwetu, kikawapa wanawake fedha zao wenyewe. Wakati huo huo hoteli zilianza kujipanga ufukweni, Nungwi, Kiwengwa, na hapa Matemwe mkabala wa kisiwa cha Mnemba. Hoteli zimeleta kazi, wala hakuna mwanachama mwenye haki ya kuzikana. Lakini mgeni huoga mara tatu, bustani yake humwagiliwa jua kali, na bwawa lake la kuogelea hujazwa maji baridi hatua chache tokea baharini. Mtaalamu Stefan Gössling alichapisha mwaka 2001 uchunguzi wake wa pwani ya mashariki ya Unguja, akakuta kwamba mgeni mmoja alitumia kwa wastani lita 685 kwa siku, na mwenyeji lita 48. Kwa hesabu ya dumu la lita ishirini, mgeni ni madumu thelathini na nne, na mwenyeji ni mawili na kidogo.

Swali la historia si mgeni kutumia maji. Swali ni nani aliyehesabu kabla ya kibali kutolewa. Kiwanja kilitolewa na wenye ardhi, chini ya Sheria ya Ardhi ya 1992. Mtaji uliidhinishwa na wenye uwekezaji, mazingira yalikaguliwa na wenye mazingira chini ya sheria ya 1996, na kisima kikaombwa kwa wenye maji. Kila mmoja aliiangalia hoteli moja moja katika faili lake. Maji baridi yaliyo chini ya jiwe hayakuwa katika faili la mtu, ilhali hayo ndiyo yaliyokuwa mali ya wote. Ripoti iliyotolewa mwaka 2012 juu ya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani ilieleza kwamba huko Kiwengwa, jirani zetu, kulikuwa na hoteli zilizoweka walinzi wa kulinda mabomba yao yasikatwe na wanakijiji. Mtu aliyelelewa katika mwambao ambako maji hayakunyimwa atauelewa mwenyewe uzito wa habari hiyo.

Ndugu zetu wa Bara walikuwa na njia yao, na ina mafunzo kwetu. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania iliweka mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwanakijiji maji katika mita 400 tokea nyumbani kwake ifikapo 1991. Mwaka 1991 ukafika, na vijiji vingi vilikuwa havijayaona maji, na vingine viliyaona yakakatika, kwa sababu mradi ulijengwa na serikali kuu na hakukuwa na aliyekabidhiwa ufunguo. Sera ya maji ya mwaka 2002 ikarudisha kazi kwa watumiaji, na sheria ya 2019 ikaunda wakala wa maji vijijini, RUWASA, pamoja na kutambua vyombo vya watumiaji maji vya ngazi ya jamii. Mwanaushirika atatambua hapo lugha yake mwenyewe: wanachama, hesabu, mkutano na uchaguzi.

Zanzibar ilipata sera yake ya maji mwaka 2004, na Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria ya Maji Namba 4 ya mwaka 2006, iliyounda Mamlaka ya Maji Zanzibar. Kwa mara ya kwanza tangu Barghash, mkono mmoja ulipewa safari yote, safari hii kwa kisiwa kizima na kwa Pemba pia. Bei ikarudi, chini ya jina la kuchangia huduma, na zogo lake sote twalikumbuka. Maoni yangu ni kwamba malipo yenyewe hayakuwa kosa. Kosa lilikuwa kumdai mtu fedha za mfereji usiotoa. Baadaye sheria ya 2013 ikaunda mamlaka ya kudhibiti huduma za maji na nishati, ZURA, ili mwenye kuuza maji asiwe ndiye mwenye kupanga bei peke yake, na hilo lilikuwa jambo la haki. Mwaka 2012 ilikuja sheria ya afya ya jamii na mazingira, mwaka 2014 sheria ya serikali za mitaa, na mwaka 2015 sheria mpya ya mazingira. Mwaka 2016 India ilikubali kukopesha dola za Marekani milioni 92 kwa miradi ya maji ya Zanzibar. Fedha, sheria na mamlaka vikawa vingi kuliko wakati wowote wa historia yetu, na meza zikawa nyingi vile vile.

Nje ya kisiwa nako maneno makubwa yalisemwa. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kuwa maji safi na salama ni haki ya binadamu. Nchi 122 zilikubali, hakuna iliyokataa, na 41 zilijizuia, Tanzania ikiwemo. Huenda walioketi pale walikuwa na sababu zao za kisheria, lakini mwenye kumbukumbu ya 1964 atastaajabu kidogo.

Kilichozikutanisha meza zetu mwishowe hakikuwa sera, kilikuwa msiba. Septemba 2015 kipindupindu kilianza tena Zanzibar, na ilipofika Aprili 2016 wagonjwa walikuwa wamepita 3,000. Shule zilifungwa, na biashara ya vyakula na vinywaji vya barabarani ikazuiwa. Ndipo ilipoonekana kwamba hospitali haiwezi kushinda peke yake, kwa sababu ugonjwa haukutoka hospitali. Ulitoka katika choo kilichojengwa juu ya ufa, katika bomba bovu lililopita ndani ya maji machafu, na katika kisima kisichotiwa dawa, na kila kimoja cha vitu hivyo kilikuwa na ofisi yake. Mpango wa kutokomeza kipindupindu Zanzibar, wa mwaka 2018 hadi 2027, uliandikwa kwa ajili hiyo kama kazi ya serikali nzima, si ya madaktari tu. Watu wa maji, wa afya, wa mazingira na wa serikali za mitaa wamewekwa katika karatasi moja yenye tarehe moja ya mwisho. Nauhesabu mpango huo kuwa hatua ya maana kuliko mkopo wowote, ijapokuwa kukaa pamoja kwa hofu ni rahisi kuliko kukaa pamoja mwaka ambao hakuna anayeumwa.

Katika karatasi hiyo na katika baadhi ya sheria nilizozitaja, sheha na kamati ya shehia wana nafasi. Umoja wa wakulima hauna, isipokuwa tukiiomba. Maombi ambayo yamekwisha kupita katika mikutano yetu ni mawili, nami nayaandika hapa ili maofisa watakaokisoma kijitabu hiki wasiseme hawakuyaona. La kwanza ni kwamba kila ombi la kuchimba kisima kirefu katika Matemwe lisomwe katika baraza la shehia kabla ya mashine kuletwa, likitaja ni lita ngapi zitavutwa kwa siku, na maji machafu yatakwenda wapi. La pili ni kwamba visima vyote, vyetu na vya hoteli, vipimwe chumvi kila mwezi na hesabu yake iandikwe katika daftari moja ambalo mtu yeyote aweza kulifungua.

Kwa upande wetu, wanachama walio karibu na visima vya zamani wameanza kazi hiyo bila ya chombo. Mwezi wa Februari, jua likiwa kali na masika bado, akina mama watokao katika mwani huonja maji ya kila kisima, na katibu huandika wasemavyo: matamu, yana munyu kidogo, yana munyu mwingi, hayanyweki. Daftari hilo liko katika ofisi ya Umoja, nalo limefunguliwa kwa ofisa yeyote atakayekuja kulitazama.